Jumatano za Marivaldo

Furaha alinipigia simu nikiwa na gundi mikononi. Ilikuwa asubuhi, karakana yangu ya Gisozi imejaa vumbi la mbao na kelele za mashine, nikaibonyeza simu kwa kidole kidogo na kuibana begani. "Kaka Deo," akasema, "Mama ametutoka." Miaka mingi sikuwa nimeisikia sauti ile, lakini nilijua ni nani na ni mama yupi kabla hajataja jina. Nikampa pole, nikauliza mazishi ni lini, nikasema yale ambayo kila mtu husema. Alipokata simu nilibaki nimesimama mbele ya kabati la mteja, gundi inanikaukia vidoleni, na jina lililonijia kichwani halikuwa la marehemu. Lilikuwa la Marivaldo. Najua haifai. Mtu mzima mwenye mvi, anapewa habari ya msiba, anakwenda kumfikiria mcheza mpira wa Brazil! Lakini mimi siwezi kumtenganisha Mama Furaha na yule mtu, na mwaka niliokaa kwake mtaa wa Niboye siwezi kuusimulia bila kulitaja goti la Mbrazili huyo.

Nilikuwa kijana mwaka ule, kibarua wa kupiga msasa viti vya watu, na nilipanga chumba cha uani kwa Mama Furaha pamoja na Kalisa. Kalisa alikulia Kampala, mimi Karagwe, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, kila mtu na chake. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja na godoro moja la chini. Dirisha letu lilitazama jiko la mama mwenye nyumba, kwa hiyo tulijua kila siku wanakula nini kabla wao hawajala: isombe, yale majani ya muhogo, ikitwangwa tuliisikia, maharage yakikaribia kuiva tuliyanusa, na siku za samaki tulikaa kitandani kimya kama watoto waliofukuzwa shule. Ukuta kati yetu na sebule yake ulikuwa mwembamba, unasikia hata kijiko kikikoroga chai. Sikuwahi kuishi mahali penye siri chache kama pale, na nikifikiria sasa, sikuwahi tena kuishi mahali nilipopendwa vile na watu wasionihusu.

Mimi na Kalisa tulipatana kwa kila kitu isipokuwa mpira. Timu yake ya Hispania ndiyo iliyokuwa na Marivaldo, kiungo mshambuliaji, mtu mfupi, soksi zimemshuka, anatembea uwanjani kana kwamba amesahau kitu nyumbani. Alitoka kwao Brazil bado mtoto, akapitia Ureno kwenye timu ndogo, halafu wakubwa wakamwona. Mpira ukimfikia alitazama kushoto, mabeki wote wakaenda kushoto, naye pasi ameshaitoa kulia. Sijawahi kumwona mtu anayedanganya kwa uzuri vile. Nilimchukia, kwa namna unavyomchukia anayekuzidi bila kutoa jasho. Kalisa akifua nguo aliimba jina lake. Akila alilitaja. Siku moja alilipaka kwa chokaa juu ya mlango wetu, na Mama Furaha akamwamuru alifute kwa sababu nyumba yake si kituo cha basi.

Timu zetu zikapangwa kukutana nusu fainali ya kombe kubwa la Ulaya. Mkondo wa kwanza Marivaldo alitufunga bao moja na kutengeneza la pili, nasi tukapata moja la kujikongoja. Kalisa akanitazama kutoka pale chini kwenye godoro, maana zamu ya kitanda ilikuwa yangu, akasema, "Deo, tuweke kitu cha maana. Atakayetolewa analala chini mpaka mwaka uishe." Nikacheka. "Wewe iko naogopa," akasema. "Sema tu, mwanaume, hakuna tabu." Nani angekubali kuitwa mwoga kwenye chumba chenye ukubwa ule? Tukashikana mikono. Halafu nikaanza kuogopa kwelikweli, kwa sababu nilijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba huyu Mbrazili akicheza mkondo wa pili mgongo wangu umeshapata sakafu.

Sasa niseme juu ya Jumatano. Kila Jumatano sebuleni kwa Mama Furaha walikutana wanawake wa maombi. Walikuwa wachache: mwenye nyumba, Mama Solange wa Bukavu aliyeuza vitenge kwa kuzunguka nyumba kwa nyumba, na wengine wawili watatu wa mtaa. Walifunga tangu asubuhi, bila chakula wala maji, jioni wakaomba, halafu wakafungua kwa uji wa mtama na viazi vitamu. Mimi nilihudhuria, na nitakuwa mkweli, nilihudhuria kwa ajili ya uji. Kila mtu alitaja shida yake kwa maneno mawili, jina likatajwa, na wote wakaliombea jina lile bila kuuliza. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya chumba kile: kuuliza sana ni umbea, na umbea ulikuwa na siku yake nyingine. Wiki ile zamu ilipofika kwangu, Mama Furaha akasema, "Na wewe Deo, mwanangu, una nini? Uso wako hauna amani." Nikajikuna kichwa. Kwa mzaha, lakini si mzaha mtupu, nikasema, "Kuna mtu ananisumbua. Anaitwa Marivaldo. Wiki ijayo ninakabiliana naye."

Wakadhani ni mkubwa wa kazini. Mama Solange aliuliza kitu kimoja tu, "Ni Mukongomani?" nikasema hapana, akashusha pumzi. Kisha wakainuka. Nimesikia maombi mengi maishani lakini yale yalinisimamisha nywele. Mama Furaha, mwanamke mpole ambaye hata kuku alimwomba radhi kabla ya kumchinja, alipiga mguu chini akalia, "Baba, vunja nguvu ya miguu ya Marivaldo! Asisimame mbele ya mtoto wako!" Na wote wakaitikia, wakalitaja jina, kila mmoja kwa ulimi wake, Marivaldo, Marivardo, Malivaldo, mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. Mimi nilikuwa nimefumba jicho moja. Nilitaka kusema, ngojeni, huyu ni mcheza mpira, lakini ungewaambiaje watu walioshinda na njaa tangu alfajiri kwamba wanalilia kitanda? Nikanywa uji wangu. Mama Solange akaniongezea kiazi, eti kijana mwenye adui anahitaji nguvu.

Mechi tuliitazama kwenye ukumbi wa video, tumebanana kwenye mabenchi, mimi na Kalisa bega kwa bega. Kipindi cha kwanza hakijafika kati, Marivaldo akapokea mpira katikati ya uwanja, akamtazama mtu wa kushoto, akageuka kulia. Mwili ukageuka, mguu ukabaki. Hakuna aliyemgusa. Naapa, hakuna aliyemgusa. Alikaa chini akashika goti kwa mikono miwili, mdomo wazi, na kwa kuwa ukumbi mzima ulinyamaza, tulisikia kutoka kwenye runinga ile chakavu kitu kama kilio. Kalisa akasimama. Wakamtoa kwa machela. Timu yangu ikafunga mawili, tukapita, watu wakanirusha juu, nami nikarushwa nikiwa baridi kama maiti. Tulirudi nyumbani. Kalisa, muungwana, akatandika godoro lake chini, na mimi nikapanda kitandani kwangu. Kitanda kile nilikilalia miezi yote iliyobaki na sikumbuki usiku hata mmoja ambao kilikuwa laini.

Jumatano iliyofuata sikutaka kwenda, lakini Mama Furaha aligonga dirisha. "Njoo utupe ushuhuda. Yule mtu vipi?" Nikasema ameanguka. Sebule ikalipuka vigelegele. Mama Solange akacheza. Nikaona Mama Furaha peke yake hachezi, ananitazama usoni. "Ameangukaje?" akauliza. Nikasema goti. "Kazini?" Nikasema ndiyo, kazini. "Ana watoto?" Hapo ndipo niliposhindwa, maana nilikuwa nimesoma gazetini kwamba ana binti mdogo, na mkewe alikuwa jukwaani siku ile amempakata. "Mama," nikasema, "ni mcheza mpira. Yuko Hispania. Hanijui." Nikawaeleza habari ya kitanda. Mama Solange alikuwa wa kwanza kuelewa. "Mungu wangu! Tulishinda na njala juu ya kitanda?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kiti. Wengine wakamfuata. Mama Furaha hakucheka. Alikaa chini taratibu, akakunja kitenge chake magotini.

"Kwani mcheza mpira hana mama?" akasema.

Nikajaribu kujitetea. Nikasema wachezaji huumia kila siku, kwamba daktari wa mchezo alieleza kwenye redio, ni majani ya uwanja na uchovu, hakuna uhusiano. Leo, na umri wangu, na ushirika niliouacha zamani, bado nasema hivyohivyo nikiulizwa: hakuna uhusiano. Ila sijawahi kuisema sentensi hiyo mpaka mwisho. Mama Furaha alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba yeye hajui mambo ya majani. Anajua alichokiomba. "Mimi ndiye niliyesema miguu. Wewe ulisema jina tu, mimi nikasema miguu. Basi tulioomba avunjike ndio tutakaoomba apone. Tutafunga Jumatano zote mpaka aone afya. Na wewe kazi yako ni kutuletea habari, ili tujue tunaomba nini na tuache lini." Nikakubali. Kukubali mbele ya wanawake wale kulikuwa rahisi, uji ulikuwa mezani.

Hivyo ndivyo kazi ya mpira ya kijana wa Brazil ilivyofuatwa, mpaka mwaka ukaisha, na akina mama wa Niboye ambao hawakuwahi kuona mechi. Nilisikiliza vipindi vya michezo, nilikwenda Remera kwenye duka la intaneti kumtafuta, na Jumatano jioni nikatoa taarifa kama mbunge. Amepasuliwa. Wakaombea mshono. Anatembea kwa magongo. Wakaombea makwapa, kwa sababu Mama Solange alisema magongo huchubua makwapa. Amerudishwa chumba cha upasuaji mara ya pili. Siku ile Mama Furaha alilia. Klabu inataka kumuuza, mashabiki wanasema amekwisha. "Ni nani hao wanaosema?" akauliza kwa hasira, na majina ya wachambuzi wa Ulaya yakawekwa mbele za Bwana, kwa upole safari hii, tulikuwa tumejifunza. Walitaka kujua anakula nini, nani anamfulia, kama mkewe ni mvumilivu. Nikawaletea picha niliyokata gazetini, soksi zimeshuka vilevile, na Mama Furaha akaibandika kwenye kioo cha kabati la vyombo. Kalisa alifurahi kuliko wote. Alisema timu yake ndiyo pekee Ulaya yenye waganga wanaolipwa kwa viazi.

Lakini kuna jambo nililisikia, na hili ndilo ninaloandikia kisa hiki. Nililisikia kupitia ukuta ule, jioni ya Jumatatu, nikiwa kitandani. Furaha, aliyekuwa bado mwanafunzi, alikuwa anamsihi mama yake. "Mama, muuguzi amesema ukiwa na sukari usishinde na njaa. Amesema ukinywa dawa ule. Mimi nilikuwepo." Kijiko kikakoroga chai muda mrefu. "Nitakula Alhamisi," akasema mama. "Basi wengine wafunge, wewe uombe tu." "Wengine hawakusema miguu, mwanangu. Nilisema mimi. Akipona tu, Deo atatuambia, nitakula kila siku mpaka ninenepe unikimbie." Wakacheka wote wawili. Mimi nikageukia ukuta wa pili. Nilijisemea kwamba Marivaldo anaendelea vizuri, kwamba si muda mrefu.

Mwisho wa mwaka nikapata kazi ya kudumu Gisozi na chumba hukohuko mlimani. Marivaldo alikuwa ameanza kukimbia polepole, klabu imemwachia aende bure kwenye timu ndogo ya Ureno, karibu na pale alipoanzia. Niliaga kwa uji. "Jumatano utakuja?" akauliza Mama Furaha. "Kila Jumatano, mama," nikasema, na nilimaanisha. Nilikwenda mara mbili, pengine tatu. Halafu kulikuwa na oda za harusi, halafu mvua, halafu msichana, halafu nikaacha kusali na kuanza kunywa, na mtu anayenuka bia haingii kwenye sebule ile. Nilikuwa naogopa lile swali la kwanza, lile la amani ya uso.

Sasa ndiyo sehemu ambayo nimeizunguka tangu mwanzo. Sikupotezana na Marivaldo. Jumamosi moja, mwaka mmoja na ushee baadaye, nilikuwa Remera kwenye baa, burusheti ya nyama ya mbuzi kwenye kijiti mkononi, na kwenye runinga ya ukutani nikamwona. Amevaa jezi nisiyoijua, soksi zimeshuka. Alicheza dakika zote tisini. Alitazama kushoto, akatoa kulia, mtu akafunga. Niliruka mpaka nikamwaga chupa ya jirani. "Huyu tumemwombea sisi!" nikapiga kelele. "Huyu ni wa Niboye!" Baa nzima ikacheka, mtu akaninunulia nyingine. Nilikuwa na furaha ya kweli siku ile, nilihisi nimetuliwa mzigo. Kutoka Remera hadi Niboye ni pikipiki moja, hata hujaanza kuzoea kofia ngumu ya abiria. Sikupanda. Nilisema nitakwenda kesho, halafu wiki ijayo, na kwa misimu sita au saba nilimtazama yule mtu akicheza na kuzeeka kwa afya, mpaka alipostaafu na kurudi kwao kufundisha watoto, na sikupanda pikipiki ile.

Nilifika msibani siku ya kuanua matanga. Turubai uani, viti vya plastiki, dirisha la chumba chetu limezibwa kwa matofali. Wajukuu walipita na sahani za wali, ndizi na nyama. Furaha ana mvi mbili tatu sasa, alinikumbatia muda mrefu na kunieleza kwa sauti ya chini: figo, kwa sababu ya sukari, alianza kusafishwa damu mwaka jana. Hakunilaumu kwa lolote. Aliniketisha sebuleni na wazee, na pale kwenye kioo cha kabati ilikuwepo picha ile, imefifia mpaka uso hauonekani, soksi tu. Chini yake walikaa wanawake wa maombi waliobaki. Walikuwa watatu. Niliona sahani zao zimefunikwa kwa sahani nyingine, hawajagusa, nikadhani ni majonzi.

Mama Solange amekuwa mdogo, macho yamefunga ukungu. Akanishika mkono akaupapasa kama anakagua kitambaa. "Deo! Weye ndiye Deo?" Nikasema ni mimi. Akavuta mkono wangu karibu. "Basi sema. Marivaldo iko namna gani?"

Nilitazama zile sahani zilizofunikwa. Nikahesabu siku kichwani, mazishi, matanga, na nikajua leo ni siku gani. "Bado mnafunga?" nikauliza.

"Eh, sasa?" akasema, kana kwamba nimeuliza kama jua bado linachomoza. "Furaha alitukataza, dokta akakataza. Mama Furaha alikuwa anasema, Deo hajaleta habari. Hata hospitali, siku ya Jumatano anageuza uso, hataki kijiko. Tulikuwa tunangoja weye utuambie tuache."

Furaha alikuwa amesimama mlangoni na sinia mikononi. Ningeweza kusema habari imenifikia wiki hii. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mazuri, na yangewatosha wote.

"Alipona, mama," nikasema. "Alicheza tena. Alicheza vizuri sana."

Mmoja wa wale wengine akaanza kigelegele, akakikatiza mwenyewe. Furaha akaweka sinia juu ya kabati. Akauliza kwa sauti ileile niliyoisikia kupitia ukuta, sauti ya mwanafunzi anayemsihi mtu, "Alipona lini, kaka?"

"Zamani," nikasema.

Mama Solange akauachia mkono wangu. Akapapasa mezani mpaka akaipata sahani yake, akaondoa ile iliyoifunika, akainamisha kichwa kidogo, akaanza kula. Wenzake wakamtazama, kisha nao wakafunua zao.